Gari ya Bi Harusi Haili Mafuta, Lakini Msafara Je?



Mwezi uliopita mama mmoja aliingia dukani kwetu na binti yake kuchagua shela. Shela waliipata kwa robo saa, maana binti alishajua anachokitaka. Kilichowachukua muda ni gari. Mama aliweka mkoba wake juu ya meza akasema, "Tunataka zile haibridi. Tumeambiwa hazili mafuta, na siku hizi ndizo gari za harusi za watu wenye heshima zao." Tukamuuliza ngapi. Akasema kumi, na zote ziwe za aina moja na rangi moja.

Binti hakusema neno. Lakini kule ndani, tulipokuwa tunampima kiuno, alikuwa ameshatunong'oneza kwamba baba yake amekopa kwa ajili ya ukumbi, na kwamba pesa za gari nazo zitakopwa.

Mazungumzo ya siku ile ndiyo yaliyotufanya tuandike. Tunajua wengi mtashangaa washona shela wanaingiaje kwenye habari za injini. Sisi skuli tuliishia kidato cha nne, tukaenda kozi ya ushoni, na mpaka leo riziki yetu ni sindano. Lakini duka letu linakodisha pia gari ya bi harusi, na gari yenyewe ni haibridi ya kifahari, tuliyoinunua kwa pesa za upatu wa miaka miwili. Imetufurahisha, imetuliza, na imetufundisha mambo ambayo hakuna aliyetuambia siku ya kununua. Mambo hayo leo tunakupeni bure.

Haibridi ni kitu gani

Kila wiki tunaulizwa, "Gari yenu mnaichaji wapi, na umeme wenyewe ndio huu?" Swali ni la haki. Sisi watu wa Unguja hatujasahau ile miezi mitatu, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kilipokuwa gizani. Tulikuwa wanafunzi wa ushoni wakati ule, na tulirudi kwenye cherehani za kukanyaga kwa miguu, tukamshukuru Mungu kwamba hazijatupwa.

Haibridi ya kawaida haichomekwi popote. Unatia petroli kituoni kama gari nyengine yoyote. Ndani yake mna injini ya petroli na mota ya umeme, vyote viwili vinasukuma gari, na betri kubwa inayojazwa na gari yenyewe ikiwa barabarani. Zipo nyengine za kuchomeka ukutani, lakini hizo ni aina yake.

Betri inajazwaje? Hapo cherehani inasaidia kueleza. Ukiwa unashona kwa kasi halafu ukaachia pedali, gurudumu haliganda papo hapo. Linaendelea kuzunguka kidogo, na wewe unalizuia kwa kiganja. Ile nguvu uliyoizuia imekwenda bure, imekuwa joto la mkono tu. Gari ya kawaida ndivyo inavyofanya kila ikipiga breki: nguvu iliyonunuliwa kwa petroli inageuka joto kwenye breki na kupotea. Haibridi ukikanyaga breki, mota yake inageuka kuwa jenereta, inaizuia gari, na sehemu ya nguvu ile inarudi kwenye betri. Ukiondoka tena taratibu, gari inatumia umeme huo na injini inabaki kimya. Ukisimama kwenye foleni, injini inazimika yenyewe. Gari nyingi za aina hii hata kiyoyozi chake kinaendeshwa na umeme wa betri, kwa hiyo bi harusi hapati joto injini ikiwa imelala.

Toyota ndio waliotangulia kuuza gari hizi kwa wingi, walipotoa Prius nchini Japani Disemba 1997. Za kifahari zilifuata baadaye. Mwaka 2005 ilitoka Lexus RX 400h, ambayo Japani iliuzwa kwa jina tunalolijua sote hapa bandarini: Harrier Hybrid. Ile ina injini ya lita 3.3, mota moja mbele na nyengine nyuma, na betri yake imelala chini ya kiti cha abiria. Kwa hiyo ukiona Harrier ina maandishi hayo nyuma, si urembo wa kubandika. Ni gari tofauti, yenye matunzo tofauti.

Inaokoa kweli?

Inaokoa. Hatutaki mtu atoke hapa akidhani tunazisema vibaya. Chukua gari mbili za Lexus zinazofanana mwili: ES 350 ya petroli tupu na ES 300h ya haibridi, za miaka ya karibuni. Kwa vipimo rasmi vya serikali ya Marekani, tukivigeuza kwa hesabu yetu ya kilomita, ES 350 mjini inakwenda kama kilomita 9 kwa lita moja. ES 300h mjini inakwenda zaidi ya kilomita 18. Ni mara mbili. Kwenye barabara kuu, ambako gari inakwenda bila kusimama simama, tofauti inapungua sana, kwa sababu hakuna breki za kurudisha umeme na injini inafanya kazi muda mwingi.

Kwa dada anayekwenda kazini kila siku, tofauti hiyo ni pesa ya kweli. Kwa wastani wa mjini na barabara kuu, akitembea kilomita 10,000 kwa mwaka, gari ya petroli itamla kama lita 905 na ya haibridi kama lita 535. Ni lita 370 zimebaki mfukoni. Na kila lita ya petroli ikiungua inatoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo kwa mwaka mmoja amepunguza zaidi ya kilo 800 za moshi. Hayo si maneno ya tangazo, ni kuzidisha na kutoa tu.

Lakini si kila gari yenye neno hilo imetengenezwa kwa nia ya kubana mafuta. Mwaka 2008 wateja wa Marekani waliuziwa Lexus LS 600h L, ya bei ya zaidi ya dola 100,000. Ina injini ya silinda nane ya lita 5, na juu yake mota ya umeme. Vipimo rasmi vya huko viliipa wastani wa maili 21 kwa galoni, yaani kama kilomita 9 kwa lita. Umeme pale ulitiwa zaidi ili gari iwe na nguvu na utulivu. Ni gari nzuri, lakini anayeikodi akidhani anafanya ibada ya kutunza mazingira ajue kwamba ES ya petroli tupu inaishinda kwa wastani.

Na yako mapambo mengine ya kimazingira wanayoyasifu wauzaji. Lexus CT 200h ya mwaka 2011 ilikuja na spika zilizochanganywa mkaa wa mianzi, na nyengine zilikuja na viti vya ngozi ya kutengeneza badala ya ngozi ya ng'ombe. Sisi watu wa vitambaa tunavipenda vitu kama hivyo, na ngozi ile kweli ni nyepesi na inafutika haraka manukato yakimwagika. Lakini mkaa wa mianzi kwenye spika hauwezi kufidia lita moja ya petroli iliyochomwa bure. Ukitaka kujua gari inatunza mazingira kiasi gani, anzia kwenye tangi.

Sasa tuje kwenye harusi

Kwa mwendo, harusi na haibridi zimeumbiana. Gari ya bi harusi inakwenda pole pole, inasimama, inasubiri wapigaji picha, inasubiri shangazi aliyesahau kanga yake, inaondoka tena. Huo ndio mwendo ambao haibridi inaupenda.

Lakini hapa kuna jambo ambalo sisi wenye gari hatulisemi, na leo tutalisema hata kama wenzetu wa biashara watatukasirikia.

Tufanye hesabu ya gari moja. Harusi nyingi za mjini, kutoka nyumbani kwa bi harusi, ukumbini, mpaka kwa bwana harusi, pamoja na kuzunguka kwa ajili ya picha, tuseme ni kilomita 40. Gari ya petroli itakula lita 4 na kidogo. Haibridi itakula lita 2 na kidogo. Umeokoa lita 2. Sasa muulize mwenye gari anakutoza kiasi gani zaidi kwa sababu ni haibridi. Utakuta nyongeza hiyo ingenunua madumu ya petroli.

Na hata hizo lita 2 si zako. Ukodi wa gari ya harusi mara nyingi ni pamoja na mafuta na dereva. Kwa hiyo mafuta yanayookolewa yanabaki kwa mwenye gari, si kwa baba wa bi harusi. Sisi wenyewe mwaka wa kwanza tulitoza zaidi kwa neno haibridi, na mafuta tuliyookoa tukayatia mfukoni. Tulipata mara mbili kwa kitu kimoja. Hatukuiba, maana bei ilijulikana na mteja aliridhia. Lakini siku tulipokaa kufanya hesabu ya zaka tulijiuliza kama mteja angeridhia lau angejua, na jibu lilitutia haya. Sasa bei yetu ni moja na ya gari nyengine za daraja lake. Mwenye gari akikutoza zaidi, mwambie akuonyeshe nyongeza hiyo ni ya nini.

Siku gari ilipogoma

Hadithi hii tunaisimulia kwa ruhusa ya bi harusi mwenyewe, ambaye sasa ana watoto wawili na bado anatucheka.

Ilikuwa Shaabani, msimu wa harusi, gari haipumziki. Bi harusi huyu tulimshonea shela yenye mkia wa mita tatu, tabaka nne za neti, na vimetameta vilivyotiwa kwa mkono. Tulimpakia nyuma, tukampangia mito miwili ya satini kila upande ili shela isikunjike, tukaujaza mkia chini mpaka miguuni. Alikuwa kama malaika ndani ya wingu. Gari ikaondoka na vigelegele.

Njiani kuelekea Bububu, taa ya tahadhari ikawaka kwenye dashibodi. Gari ikapoteza nguvu. Dereva akaiweka pembeni, na hapo ikakataa kwenda. Jua limeshazama, joto la kisiwa mnalijua, na ndani yumo bi harusi wa watu, maji ya machozi yanatishia kuharibu wanja wa saa mbili. Ami yake alikuwa nyuma na gari yake kuukuu, viti vimetandikwa kanga. Tukamhamishia humo, mkia tumeubeba watu wanne kama jeneza. Alifika kwa mumewe. Pesa zake tulimrudishia siku ya pili yake bila kuulizwa.

Fundi alipofungua gari alitoka na kitu mkononi akatuuliza, "Hili nalo ni nini?" Lilikuwa donge la nyuzi za neti, vumbi la satini na vimetameta. Betri ile kubwa inahitaji kupozwa. Katika gari nyingi za aina hii, feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo chini au ubavuni mwa kiti cha nyuma, inaipitisha kwenye betri. Sisi mwaka mzima tulikuwa tunaliziba tundu lile kwa mito na shela, na linavuta vumbi letu harusi baada ya harusi. Betri ilikuwa inaungua joto kimya kimya, sehemu yake imeshakufa.

Fikirini aibu yetu. Sisi ambao kila Ijumaa tunafungua bamba la cherehani na kufagia nyuzi kwa brashi, kwa sababu tulifundishwa siku ya kwanza ya kozi kwamba cherehani iliyojaa vumbi la nguo itakufa, hatukuwahi kuuliza kama gari nayo inapumua kutoka wapi. Matengenezo yalimeza mapato ya harusi nyingi. Upatu wetu ulitikisika, na mmoja wetu alilazimika kuweka rehani bangili zake. Hatumlaumu aliyetuuzia wala aliyeitengeneza gari. Kitabu chake kilikuwemo kwenye dashibodi, hatukukifungua.

Uliza haya kabla hujalipa

Ukikodi au ukinunua, na wengi wenu mkishaolewa mtanunua, maana gari hizi zilizotumika zinaletwa kwa wingi kutoka Japani, shikeni haya.

Uliza betri kubwa ina hali gani, na omba ipimwe kwa kompyuta ya fundi mbele yako. Betri ndogo ya kuwashia ni kitu chengine kabisa, usikubali kuonyeshwa hiyo. Gari iliyopita mikono kadhaa mpaka ikafika kwetu usitegemee kuwa ina dhamana ya kiwandani. Bei ya betri iulize kabla ya kununua gari, siyo baada.

Uliza tundu la hewa ya betri liko wapi, na lini feni yake ilisafishwa mara ya mwisho. Bi harusi, mwambie somo wako au anayekuvisha ahakikishe mito na mkia wa shela haviligusi. Sisi sasa mkia wa shela tunaukunja mapajani kwa bi harusi, na mito tumeiacha dukani.

Uliza fundi wake ni nani. Gari hizi zina umeme mkali, volti mia kadhaa, na waya zake zimepakwa rangi ya chungwa ili watu wazijue. Umeme ule unaua. Gari ikigoma njiani usimruhusu kijana yeyote mwenye bisibisi afungue popote penye rangi hiyo, hata akiwa mpwa wako.

Na uliza betri ikifa inakwenda wapi. Hapa ndipo wengi wanakaa kimya. Betri hizi zina madini kama nikeli ambayo yanaweza kuyeyushwa na kutumika tena, na kampuni zilizozitengeneza zina utaratibu wa kuzikusanya katika nchi nyingi. Ikitupwa kwenye pori la kisiwa chetu kidogo, ambacho maji yake ya kunywa yanatoka chini ya ardhi hiyo hiyo, hatujatunza kitu. Tulihamisha uchafu tu kutoka kwenye moshi kwenda kwenye kisima. Ile yetu tulimtaka fundi aichukue na atuambie ameipeleka kwa nani kabla ya kumaliza kumlipa.

Msafara ndio unaokula mafuta

Tumrudie yule mama na gari zake kumi. Kwa zile kilomita 40, gari 10 za petroli zitakula kama lita 43 na kutoa karibu kilo 100 za hewa ya ukaa. Zikiwa zote haibridi zitakula kama lita 22, kilo 50. Amepunguza nusu, mashallah. Lakini akimpandisha bi harusi kwenye haibridi moja, na watu wengine wote kwenye basi dogo la dizeli, hata tukisema basi hilo linakula lita moja kila kilomita 5, jumla ni kama lita 10. Hata ukizingatia kwamba dizeli inatoa moshi mwingi kidogo kwa lita, bado inabaki chini ya kilo 30.

Kwa hiyo basi moja na gari moja vinazishinda haibridi kumi. Kilichookoa zaidi ni watu kukaa pamoja. Hata ungekodi gari ya petroli ya ami yenye viti vya kanga kwa bi harusi, pamoja na basi, bado ungekuwa umeokoa kuliko msafara wa haibridi.

Hapa ndipo dini yetu inaingia, na hatuhitaji kuwa masheikh kuliona. Tangu chuoni tumefundishwa kwamba israfu haipendezi mbele ya Mwenyezi Mungu, hata katika maji ya kutawadha. Aliyefundishwa kubana maji ya udhu hawezi kujidanganya kwamba gari kumi si israfu kwa kuwa kila moja inakula kidogo. Huo ni sawa na kupika biriani la watu mia tano kwa wageni mia, halafu ukajisifu kwamba umepika kwa jiko la gesi.

Tunajua mtatujibu kwamba harusi ni mara moja, na watu watasema nini wakiona basi? Tunawaelewa. Sisi tunaishi kwa furaha za harusi, na hatutaki bi harusi yeyote aondoke nyumbani kwao kinyonge. Ndiyo maana hatusemi aende kwa miguu. Gari yake iwe nzuri, ipambwe, inukie udi. Lakini maneno ya watu yanakwisha kabla ya mapambo hayajabanduliwa ukumbini, na deni linabaki likigonga mlango wa baba kila mwisho wa mwezi. Na basi lenyewe, dada zetu, nani asiyejua kwamba furaha yote iko kwenye basi? Ngoma iko humo, vigelegele vimo humo, mabibi wamo humo. Waliomo kwenye gari nyeusi zilizofungwa vioo hawasikii hata wimbo.

Yuko mwengine atasema kisiwa kama chetu kinachafua nini, na viwanda viko kwa wakubwa. Ni kweli moshi wetu ni mdogo. Lakini petroli yetu yote inakuja kwa meli na tunailipa kwa jasho letu, na kila mwezi tunakaa kusikiliza ZURA wametangaza bei gani. Na madhara hayatungojei. Waulizeni wanawake wanaolima mwani pwani ya mashariki nini kimetokea kwa ile aina ya cottonii, yenye bei nzuri, tangu maji ya bahari yalipozidi joto. Waulizeni wenye mabonde ya mpunga Pemba yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Wengi wao ni mama zetu na mashangazi zetu, na ni hao hao tunaowaalika harusini. Hatuwezi kuizuia bahari kwa harusi moja, lakini hatuna haja ya kuwa upande unaoisukuma.

Neno la mwisho

Rai yetu ni hii. Haibridi ya kifahari ni gari nzuri kwa mjini na nzuri kwa bi harusi, ikiwa betri yake ni nzima, imetunzwa, na bei yake haikupandishwa kwa ajili ya jina. Kodi moja, kwa ajili ya bi harusi. Waliobaki wapande basi. Na pesa iliyobaki wapeni maharusi wakaanzie maisha.

Yule mama tulimwambia haya yote, pamoja na hesabu, tumeziandika nyuma ya risiti ya shela. Hakufurahi. Alisema sisi ni wafanyabiashara wa ajabu, maana kwa kila gari tunayomtafutia mteja tunapata kamisheni yetu, na hapo tulikuwa tunazikataa tisa. Akaondoka bila kuagana vizuri, na tukadhani tumempoteza pamoja na shela.

Siku ya nne alirudi na mumewe. Baba wa watu alikuwa ameishika ile risiti mkononi, imekunjwa mara nne. Waliagiza gari moja na basi mbili, kwa sababu ukoo wao ni mkubwa. Binti alikuwa amesimama nyuma yao, na safari hii alituangalia usoni akacheka.

Kamisheni ya gari tisa hatukuipata. Tumepata dua ya baba asiyeongezewa deni jengine, na hiyo tunaamini ina baraka zaidi. Allah awajaalie mabiharusi wetu wote ndoa zenye utulivu, na atukinge na israfu zinazovaa nguo nzuri.

Wabillahi tawfiq.